Kitambaa cha Tano

Jumatatu, 3 Machi

Saa tatu asubuhi. Kipimamvua kikavu. Upepo mdogo kutoka ziwani. Mawingu robo ya anga.

Naendelea kusoma kipimo kila siku, ingawa nilistaafu zamani na hakuna ofisi inayosubiri namba zangu. Miaka thelathini na moja ya kituo cha hali ya hewa haitoki mwilini. Kopo la kupimia mvua liko palepale uani, juu ya jiwe.

Leo ni wiki nne tangu tumzike Kabula. Binti yetu Neema amerudi kazini Dodoma jana. Nyumba imebaki na mimi. Sihisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Maziwa yameisha. Vitunguu vimeisha. Sikuwahi kufikiri kwamba vitu hivi huisha. Nilidhani vipo tu.

Saa kumi nilikaa na redio kama kawaida. Kisahani kidogo kiko pembeni yake. Kitupu. Nimekiosha, nikakirudisha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua: hakuna.

Nimeshuka kwa miguu kutoka Igogo hadi soko la Mkuyuni. Mikono mitupu. Nimechagua nyanya kwa uangalifu, nimelipa, ndipo nikagundua sina pa kuziweka. Muuzaji akanitazama. Nami nikamtazama.

Kuna mambo mtu anayajua bila kuwahi kuyatumia. Najua mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku, na najua kwa nini. Niliwahi kuwaeleza vijana wa kanisani saa nzima: nailoni huziba mtaro, na mtaro ukiziba, mvua ya milimita ishirini hufanya uharibifu wa milimita sitini. Walinipigia makofi. Lakini marufuku yenyewe haikunigusa. Mwenda sokoni alikuwa Kabula, na Kabula hakutumia nailoni hata zamani ilipokuwa inatolewa bure. Alisema samaki ndani ya nailoni anatoka jasho. Nikamweleza kuwa si jasho, ni mvuke unaopoa na kugeuka maji. Akasema, haya, anatoka mvuke, na bado ananuka.

Yule muuzaji alinipa kifungashio. Ni kile kimfuko chembamba kisicho na mikono, kilichokusudiwa kufungia bidhaa, si kubebea. Kimepasuka nikivuka reli. Nyanya zilibingirika kwenye kokoto. Nyingine nimezileta ndani ya kofia. Mama mmoja alinipa pole. Nilitegemea kuona aibu. Haikuja.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna mvua.

Nimekiona kikapu. Kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani. Na mlango ule huwa wazi siku zote.

Kikapu cha ukindu, mikono ya ngozi iliyoshonwa na fundi viatu. Kizee. Nimekichunguza kama ninavyochunguza chombo chochote. Nusu ya chini, mistari ya msuko imelala upande wa kulia. Juu ya hapo, ghafla, imelala kushoto. Nadhani Kabula alichoka katikati, akaweka chini, na alipoanza tena akasahau alikuwa anaelekea wapi. Kosa dogo. Haliathiri uimara.

Chini kabisa kulikuwa na vitambaa vitano vimekunjwa. Kipande cha kitenge chenye maua ya njano, kimeshonwa kama mfuko. Kipande cha chandarua chenye kamba ya kukazia. Kipande cha kanga iliyochakaa. Kipande kizito cha kaki, ambacho baada ya kukigeuza nimekitambua: ni suruali yangu ya kazi. Nilimuuliza mwaka mzima ile suruali iko wapi. Na cha tano, kifuko chekundu kidogo, ukubwa wa kiganja, chenye uzi mdomoni.

Sijui vya nini. Nimevirudisha kwa mpangilio uleule.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua: matone. Hayapimiki. Katika kazi yetu matone yasiyopimika nayo huandikwa, kwa sababu kutopimika si sawa na kutokuwepo.

Nimekwenda sokoni na kikapu. Jambo la ajabu, watu wamekitambua kikapu kabla ya kunitambua mimi. Mama Rehema, muuza nyanya na mboga, aliinua kichwa, akaona kikapu, akaanza kucheka kama anayeona rafiki. Kisha akafika usoni kwangu. Kicheko kikakatika.

"Wewe ndiye mzee wa mvua," akasema. "Shikamoo. Pole sana, baba yangu."

Nikatoa kitambaa cha kwanza kilichokuja mkononi, cha maua ya njano, ili aweke nyanya. Akakataa. Akaingiza mkono kikapuni mwenyewe, akavuta chandarua. Nyanya na vitunguu ni vya chandarua, vipumue. Kanga ni ya mchicha. Akaichovya kwenye ndoo yake ya maji, akaikamua, akaviringisha mchicha ndani kama mtoto aliyetoka kuoga. Njia nzima haukunyauka.

Kwa Mama Kulwa, muuza samaki, nikarudia kosa lilelile. Nilimpa kitambaa cha maua aweke sato. Akarudisha mkono nyuma.

"Hicho cha mchele! Siweki samaki humo mimi. Mama atanifokea."

Alisema "atanifokea". Kisha akawa anakwaruza magamba ya samaki ambaye alikwisha kukwaruzwa.

Samaki ni kaki. Kwa hiyo suruali yangu imebeba sato miaka yote hiyo.

Kifuko chekundu hakuna aliyekijua. Mama Rehema amekigeuza ndani nje, amekinusa, amekirudisha. Si cha kwake.

Nimeishi na Kabula miaka arobaini na miwili. Wauza nyanya wanajua mpangilio wake kuliko mimi. Naliandika hili bila uchungu. Uchungu ungenifaa, lakini haupo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua: milimita 6.

Shemeji Shija, mdogo wake wa kike Kabula, amepiga simu kutoka Ngudu. Atakuja Jumamosi ya tarehe 22 kumaliza matanga na kuchukua vitu.

Nijieleze mwenyewe vizuri. Upande wao, vitu ambavyo marehemu alivibeba kwa mkono wake huenda kwa ndugu aliyemfuata kuzaliwa. Jembe, kanga, mtungi, kikapu. Siku ya pili baada ya maziko wazee wa ukoo wao walinikalisha na kuniuliza kama kuna kitu ambacho mume anaomba kibaki. Ni desturi kuuliza, na mume ana haki ya kutaja kimoja. Kimoja tu, na mbele ya mashahidi. Wengi hutaja kanga.

Nilisema, "Hakuna. Chukueni vyote."

Niliwaona wakitazamana. Sikuelewa kwa nini. Siku ile wangeniuliza kama wanaweza kuchukua mlango wa mbele, ningesema chukueni.

Sasa nataka kikapu. Hilo ndilo jambo. Katika nyumba nzima nataka kitu kimoja, na nimekwisha kukitoa kwa mdomo wangu.

Jumatano, 12 Machi

Milimita 2.

Nimempigia Neema. Nimemweleza kuhusu neno nililolitoa mbele ya wazee na uzito wake. Alisikiliza. Kisha akasema, "Baba, kikapu tu? Nitakununulia kingine kizuri. Hicho hata mkono mmoja unataka kukatika."

Mkono haukatiki. Nimeukagua. Uzi umelegea sehemu moja.

Alidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nimetumia sindano ya gunia kukaza ule uzi, dakika arobaini, kwa sababu macho. Nimemkarabatia Shija.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua hakuna. Joto.

Sokoni. Nafika mara mbili kwa wiki sasa, hata kama sina cha kununua cha maana. Kikapu kina njia yake. Watu hukisalimia. Mzee mmoja anayeuza vitunguu saumu alikigusa mkono akasema "Mwangaluka," yaani kumekucha salama, kisha akanisalimia mimi.

Karibu na lango wapo wasichana wanaouza ile mifuko iliyoruhusiwa, ya kitambaa chepesi chepesi. Serikali iliiita mifuko mbadala. Soko limekata jina, linasema mbadala tu. Wananiita kila nikipita.

"Mzee! Chukua mbadala, hicho kikapu kimechoka!"

Mwenzake akadakia, "Mbadala wa kikapu, au mbadala wa mama? Wote wapo mzee, sema tu!"

Walicheka. Mama Rehema aliwafokea kutoka kwenye meza yake mpaka mmoja akajificha nyuma ya bidhaa zake. Sikuwa nimeumia. Nilisimama nikawaeleza kwamba mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine, neno lenyewe limetoka penye badala na badili, na kwamba kitu kinaweza kukaa mahali pa kingine bila kufanya kazi yake. Walinisikiliza kwa adabu. Nadhani walinionea huruma. Yule aliyejificha akasema, "Samahani, babu."

Nikaendelea na safari yangu.

Jumapili, 16 Machi

Milimita 11.

Sikwenda kanisani. Nilikaa uani nikitazama mtaro. Maji yalipita vizuri. Zamani, enzi za nailoni, mtaro huu ulikuwa unafurika kwa mvua ya namna hii, na Kabula anashuka na fimbo kuzibua, sketi ameipandisha magotini. Mimi nasimama na kopo langu nikipima.

Kabula, kwa Kisukuma, ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Nilizoea kumwambia nimeoa kazi yangu. Alizoea kunijibu kwamba kazi yako ungeisaidia kuzibua mtaro.

Sikumsaidia. Nilipima.

Jumatano, 19 Machi

Mvua hakuna.

Nimefanya jambo ambalo sijalielewa bado. Nimenunua kikapu kipya. Ukindu, mikono ya ngozi, ukubwa uleule. Muuzaji alitaka kunipa chenye rangi rangi, nikakataa. Nilitaka kinachofanana.

Nimeviweka viwili mezani. Ukivitazama kutoka mlangoni, jioni, unaweza kukosea. Kipya ni cheupe zaidi. Nikawaza jivu. Nikawaza maji ya majani ya chai. Najua jinsi ya kuzeesha ukindu, ni suala la tanini, ile rangi iliyomo kwenye chai, na jua la siku mbili. Nina siku mbili.

Na huyu anayeandika ni mtu ambaye hakuwahi kubadilisha namba hata moja katika daftari la vipimo. Mwaka ule kopo lilipopinduliwa na mbuzi, niliandika "kopo limepinduliwa na mbuzi", na mkubwa wangu akanilaumu kwa kutokadiria.

Majani ya chai yapo kwenye sufuria. Yamechemka. Nimeyaacha yapoe.

Alhamisi, 20 Machi

Milimita 4.

Nimeyamwaga yale maji ya chai penye mgomba.

Nitaviweka vyote viwili mbele yake. Nitasema ukweli: hiki cha zamani, hiki kipya, neno nililitoa, lakini naomba. Mume hana haki ya kuomba mara ya pili. Shija anaweza kukataa, na akikataa atakuwa sahihi. Labda atapenda kipya. Wengi wangependa kipya.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua hakuna.

Sokoni mara ya mwisho na kikapu. Sikumwambia mtu kuwa ni ya mwisho. Mama Kulwa aliniwekea sato wawili badala ya mmoja, nyumbani kuna wageni kesho. Kaki imewatosha wote. Mama Rehema aliniuliza kama kifuko chekundu kimepata kazi yake. Nikasema bado. Akasema labda ni cha pilipili manga. Nikanusa. Si pilipili.

Jumamosi, 22 Machi

Milimita 9, zote kabla ya saa moja asubuhi.

Nimempokea Shija stendi ya Nyegezi. Amekuja na kaka yao mkubwa. Wametoka mapema, wamelowa miguu. Ana mwendo wa Kabula akitembea mbele yangu. Niliamua kutembea kando yake.

Neema hakuweza kuja. Majirani walikuja. Sala, chakula. Kisha vitu vikatolewa nje, juu ya mkeka. Shija alipokea kanga moja moja, akizikunja upya kila moja ingawa zilikuwa zimekunjwa. Jembe. Mtungi. Kisha nikaleta vikapu viwili nikasema maneno yangu. Niliyasema vizuri, kwa mpangilio. Nilieleza kuhusu kutembea sokoni. Nilieleza kuhusu mtu kutoa neno akili yake ikiwa haipo. Kaka yao alitazama chini.

Shija hakutazama kipya hata mara moja. Alikiweka kile cha zamani magotini, akapitisha kidole pale msuko unapogeuka.

"Shemeji, hiki tulikisuka wawili. Mwaka anaolewa kwako. Chini ni yeye. Hapa juu ni mimi. Mimi ni wa mkono wa kushoto, unaona? Mama alisema tukifumue, hakipendezi. Dada akakataa. Akasema nitakwenda Mwanza na mkono wa mdogo wangu."

Kwa hiyo hakuchoka katikati. Hakusahau alikuwa anaelekea wapi. Nilikuwa nimeandika kosa dogo.

Kikapu nusu yake ilikuwa ya Shija kabla Kabula hajafika kwangu. Nikasema, "Chukua, shemeji. Ni chako."

Akakipindua kukung'uta vumbi. Vitambaa vitano vikaanguka kwenye mkeka. Akavishika kwa ncha za vidole. Vinanuka samaki, vimefifia, kimoja ni suruali.

"Haya matambara, shemeji, tuyachome pamoja na takataka?"

Hapa ndipo ningeeleza. Chandarua cha nyanya. Kanga ya mchicha, inachovywa kwanza. Maua ya njano ni mchele, kamwe si samaki. Nilikuwa na maelezo yote, na wasikilizaji kumi na wawili wamekaa. Na najua kwamba kama ningeeleza, Shija angevichukua, kwa sababu navyo vilibebwa kwa mkono wa Kabula.

Nikasema, "Yaache tu hapo."

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimejua jambo na sikulieleza. Sijui kama ni wizi. Naliandika hapa kama nilivyoandika mbuzi.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna mvua. Wageni wameondoka na gari la saa mbili. Shija alikipakata kikapu, hakukiweka kwenye buti.

Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua: matone, hayapimiki.

Kikapu kipya, vitambaa vya zamani. Wale wasichana wa langoni waliniona wakanyamaza. Nikawaambia mwenyewe: "Leo nimekuja na mbadala." Yule aliyeniita babu alicheka, lakini kidogo, mkono mdomoni.

Mama Rehema alitazama kikapu. Alivuta chandarua akaanza kuhesabu nyanya. Kikapu kipya kinatoa sauti ukikibeba, kinalia kama kiti. Nadhani kitaacha.

Nilitoka kwa lango la nyuma, ambalo huwa silipiti, kwa sababu mbele kulikuwa na mkokoteni umekwama. Pale nje kuna bibi anayekaanga karanga kwenye sufuria la mchanga. Mkubwa kuliko mimi. Nilimwamkia. Nilikuwa natafuta leso kufuta jasho, nikatoa kile kifuko chekundu bila kukusudia.

Akanyoosha mkono, akakichukua kama mtu anayepokea chake. Akakifungua uzi, akakijaza karanga za moto kwa kikombe, akakifunga, akanirudishia. Ndipo akanitazama.

"Hiki ni cha karanga za mzee wa redio," akasema. "Mwenyewe hajapita siku nyingi, anaumwa? Ananiambia nisiweke chumvi nyingi, mzee ana presha. Wewe ni nani yake?"

Nilimwambia mimi ndiye mzee wa redio.

Hakuuliza tena yule mwingine yuko wapi. Akasema, "Uzile zingali moto."

Nimepanda hadi nyumbani. Kifuko kilikuwa na joto mkononi mpaka karibu na reli. Saa kumi nimewasha redio. Nimezimimina karanga kwenye kisahani. Zinakitosha kisahani sawasawa, mpaka ukingoni, hakuna iliyoanguka.

Nimezila zote. Chumvi kidogo. Ilikuwa hivyo siku zote na sikuwahi kuuliza.

Nimekifua kifuko kwa maji matupu na kukianika kwenye kamba, peke yake. Wingu linakuja kutoka upande wa ziwa. Kama itanyesha kabla hakijakauka, nitatoka kukianua.